Barua ya wazi kuhusu Dodoma: wekeni bikoni kabla ya kugawa viwanja

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia ujenzi wa Makao Makuu ya nchi: wizara yenye dhamana ya ardhi, TAMISEMI, na madiwani na wataalamu wa Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Temeke. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nimepima viwanja vya Dar es Salaam tangu enzi za kuburuta cheni na kubeba theodolaiti begani hadi zilipoingia mashine zinazosoma setilaiti. Sina cheo, wala hakuna aliyenituma. Nawaandikia kuhusu Dodoma kwa sababu mwanangu alihamia huko na wizara yake, wajukuu wangu wanasoma huko, na kila nikienda kuwaona narudi na jambo lile lile kifuani.

Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili mwenye haraka asilikose. Kabla hamjagawa kiwanja kingine Dodoma, wekeni bikoni, yaani alama za saruji za mipaka, zilizosajiliwa, kuzunguka kila eneo la wazi, kila njia ya waenda kwa miguu na kila kipande cha ardhi kinachofaa kutengwa kwa watu wa kipato cha chini. Kisha ramani yake ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa, mwananchi aione bila kumwomba mtu.

Safari yangu ya mwisho nilikwenda kwa treni ya umeme. Mtu wa umri wangu, aliyezoea kushinda siku nzima ndani ya basi akihesabu vibanda vya Mikese na Gairo, akifika Dodoma kwa muda usiotimia saa nne lazima ashukuru. Nilishukuru. Kesho yake nikamsindikiza mwanangu kazini Mtumba. Mji wa Serikali uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Majengo yanapendeza, na sitaki mtu adhani nayabeza. Lakini baada ya kuagana na mwanangu nilitaka kurudi taratibu kwa miguu nikiangalia mji, kama ilivyo desturi yangu. Jua la Dodoma mnalijua. Nilitembea nikitafuta mti wa kupumzika chini yake, mwisho nikapumzika kwenye kivuli cha turubai la mama lishe kando ya barabara.

Aliniletea chai na kunikaribisha kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Tukazungumza. Nikamuuliza anakaa wapi, akanitajia mtaa wa upande wa pili kabisa wa jiji. Huamka saa tisa usiku, hupanda bodaboda hadi kwenye kituo cha daladala, kisha daladala mpaka huku.

"Mbona usitafute chumba karibu, mwanangu?"

"Mzee, huku viwanja si vya watu kama sisi. Vyumba vya kupanga navyo vitajengwa na nani?"

Jibu hilo nililisikia Dar es Salaam miaka mingi iliyopita, kwa sauti nyingine na katika mitaa mingine. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Dar es Salaam nayo, Waheshimiwa, ilijengwa kwa kukusudiwa. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliichagua bandari hii iliyo jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akaanza kujenga mji wake. Boma la Kale lililoko ufukweni karibu na bandari ni la enzi zake, na limesimama mpaka leo. Alipofariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash hakuwa na haja na mji huu, majengo yakaanza kubomoka. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Mwaka huo huo wakatunga kanuni za ujenzi zilizosema nyumba za aina gani zisimame wapi. Ufukweni zikajengwa nyumba za Kizungu, na nyumba za udongo za Waafrika zikasukumwa nyuma kabisa. Waingereza walirithi mgawanyo huo wakaukaza: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha ukanda mtupu wa kutenganisha watu, wakisema ni kwa ajili ya afya.

Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Nimelifikiria sana jambo hili katika kazi yangu. Nia ya waliouchora ukanda ule ilikuwa mbaya, na wazee wetu waliishi chini ya ubaya huo. Lakini mstari uliwekwa ardhini ukalindwa, na leo watu wanaswali Idi hapo, wanafanya mikutano hapo, na mwenda kwa miguu anayetoka Kariakoo kwenda Posta anapata mahali pa kuvuta pumzi. Huku nyuma yetu, mitaa tuliyoichora sisi wenyewe baada ya uhuru, kwa nia njema na kwa ajili ya watu wetu, imepoteza viwanja vyake vya wazi kimoja baada ya kingine, kwa sababu mistari yake ilibaki kwenye karatasi.

Nilishiriki kupima mtaa mmoja wa namna hiyo. Jina lake siliandiki, wala sitaji ofisi iliyohusika. Ramani ilikuwa na uwanja wa wazi katikati, na kipande kidogo kando yake cha shule ya awali. Viwanja vya nyumba tuliviwekea bikoni vyote, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na mtu anayekisubiri na risiti mkononi. Uwanja wa wazi haukuwa na mtu wa kuusubiri. Saruji ilipungua, siku za kazi zikaisha, tukaambiwa tutarudi. Hatukurudi. Miaka michache baadaye nilipita pale nikakuta ukuta, kisha ghala, kisha maegesho ya malori. Watoto wa mtaa ule wanacheza mpira barabarani, wakipisha bajaji. Nimebeba lawama hiyo, maana mkono wangu ulikuwamo.

Mabonde nayo ni hivyo hivyo. Kila mpimaji aliyepita Dar es Salaam alijua kwamba Bonde la Msimbazi ni njia ya maji. Watu walijenga kwa sababu hawakuonyeshwa pengine pa kujenga walipopamudu, na hakuna aliyesimama mwanzoni kuwaambia hapana. Desemba 2011 mafuriko yakaua watu, waliobaki wakapelekwa Mabwepande. Baadaye zikaja alama za X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa, kisha tingatinga. Mstari ambao ungegharimu mifuko michache ya saruji umekuja kugharimu roho za watu.

Sasa niwarudishe Dodoma, kwa njia ambayo huenda wengi hawaikumbuki. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1968 uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango Kabambe wa Makao Makuu mapya ya Dodoma wa mwaka 1976 uliandaliwa na kampuni hiyo hiyo. Dar es Salaam waliikuta imeshajaa, wakachora juu ya mji wa watu. Dodoma walipewa mji mdogo wa reli, vilima, miti ya miiba na uwanda mpana, wakaambiwa waanze.

Uamuzi wenyewe mnaujua. Mwaka 1972 TANU iliwauliza wanachama wake kupitia matawi, na mwaka 1973 Chama kikaamua Makao Makuu yahamie Dodoma, kazi ikamilike ndani ya miaka 10. Dodoma iko katikati ya nchi, reli ya kati inapita, na barabara ya kutoka kaskazini kwenda kusini inakatiza pale pale. Dar es Salaam ilikuwa pembeni, na ilikuwa mji ambao mkoloni aliuchagua kwa sababu ya meli zake. Mwaka huo huo wa 1973 ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA.

Naomba msome tena mpango ule wa 1976, na kama nakala imepotelea kabatini, itoeni. Ulikataa wazi kujenga mji wa kutukuza serikali kwa majengo makubwa na barabara za gwaride. Majengo yalitakiwa yawe ya chini, yakifuata vilima bila kushindana navyo. Makazi yaligawanywa katika jumuiya za watu wapatao 28,000, kila moja ikiwa na vitongoji vya watu wapatao 7,000, na chini kabisa msingi wake ukawa zile nyumba kumi kumi tulizokuwa nazo kila mtaa. Mtu alitakiwa afike shuleni, sokoni na zahanati kwa miguu. Jumuiya moja ingeunganishwa na nyingine kwa njia maalumu ya mabasi, kama shanga kwenye uzi. Kumbukeni mwaka: ni 1976, na sisi Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka yamekuja kuanza mwaka 2016. Kati ya makazi ziliachwa bustani na mashamba, ili mtu wa mjini asisahau jembe.

Yapo mambo katika mpango ule nisiyokubaliana nayo. Ulidhani watu wote wangeishi kwa mfuko wa serikali na kwa utaratibu wa Chama, ukatoa nafasi ndogo kwa mfanyabiashara mdogo na fundi wa kujitegemea. Lakini ulianza na mtu anayetembea. Katika maisha yangu ya kazi sijaona ramani nyingine ya mji wetu iliyomtanguliza mtu huyo namna ile.

Kwa nini haukutimia, tunafahamu pia. Bei ya mafuta ilipanda mwaka ule ule wa 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, Vita ya Kagera ikafuata 1978 na 1979, na baada ya hapo nchi haikuwa na fedha za sukari, seuze za mji mpya. Bunge likaja kuhamia Dodoma, wizara zikabaki Dar es Salaam, na kwa miaka mingi magari ya Serikali yakawa yanakimbizana na mafaili kwenye barabara ya Morogoro.

CDA ilibaki na ardhi. Ilitoa umiliki wa miaka 33 mahali ambapo Watanzania wengine walipewa 99, ilibomoa nyumba, iligombana na wakazi wa asili waliokuwa pale kabla ya ramani yoyote. Ilipovunjwa mwaka 2017 watu walishangilia, na nilielewa sababu. Wagogo wengi walikuwa wamehamishwa kwenye mashamba yao na kuona yakikaa miaka bila kujengwa. Hata hivyo CDA, pamoja na makosa yake yote, ndiyo iliyokuwa mlinzi wa ramani. Majukumu yake yamehamishiwa halmashauri, ambayo ina shule za kuendesha, taka za kuzoa na mapato ya kukusanya, na kwa halmashauri yoyote kiwanja kisichouzwa ni fedha isiyoingia. Sisemi kuna mtu ana nia mbaya. Nasema kishawishi kipo kila asubuhi mezani, na kishawishi hicho ndicho kilichomaliza viwanja vya wazi vya Dar es Salaam.

Na sasa kasi imekuja. Tangu tangazo la kuhamia la mwaka 2016, Waziri Mkuu alihama, mawaziri wakafuata, Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa Makao Makuu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Mji umekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka 10. Dar es Salaam ilipita kwenye kasi ya namna hiyo ikiwa na ramani nzuri mkononi, na ramani haikuisaidia.

Mpango mpya wa 2019 hadi 2039 mnao. Wengine watasema basi barua hii haina kazi. Ninachouliza ni kile ninachomuuliza kijana yeyote wa upimaji: bikoni ziko wapi? Ni sehemu ngapi za rangi ya kijani katika ramani ile zina namba ya kiwanja, zimesajiliwa, zina mwenye kuzishitakia zikivamiwa? Kando ya barabara ya mzunguko, kwa macho yangu, nimeona vibao vya "viwanja vinauzwa" vikitangulia lami. Mwaka 1976 barabara zilipangwa zifuate makazi. Tusikubali leo makazi yafuate madalali.

Brazil walifungua Brasília mwaka 1960, mji uliochorwa na Lúcio Costa na kupambwa na majengo ya Oscar Niemeyer, na dunia nzima ikausifia. Lakini maelfu ya vibarua waliokuja kuujenga hawakuwa na nafasi ndani ya mchoro. Taguatinga, mji wa pembeni wa kuwapokea, ulianzishwa mwaka 1958, miaka miwili kabla Makao Makuu yenyewe hayajafunguliwa. Wajenzi waliondolewa kwenye mji walioujenga kabla haujaisha. Yule mama lishe wa Mtumba yuko kwenye mkumbo huo huo, na mlinzi, na mfagizi, na fundi aliyepiga lipu kwenye ukuta wa wizara. Mtumishi wa ngazi ya juu atapata nyumba popote. Hawa wasipotengewa viwanja vidogo vya kununulika na nyumba za kupanga ndani ya mwendo wa miguu kutoka Mtumba, watajitengea wenyewe kwenye mkondo wa maji au kwenye hifadhi ya barabara. Baada ya miaka 15 mtawatuma vijana wenye rangi nyekundu.

Kuna pia suala la maji, ambalo nalitaja kwa ufupi kwa kuwa wapo wataalamu wake. Dodoma ni nchi kavu, na kwa miaka mingi imeishi kwa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Maji yale hujazwa na mvua inayozama ardhini. Ardhi ya kupokelea mvua hiyo ikifunikwa kwa zege na makaro ya vyoo, hakuna bomba litakalotutosha. Hiyo nayo izungushiwe bikoni, tena mapema kuliko zote.

Gharama ya ninachokiomba si kubwa. Vyuo vyetu vinazalisha wapimaji kila mwaka, wengine wapo mitaani bila kazi. Wagaweni kwa kata, wapeni vifaa, saruji na posho halali. Kila eneo la wazi lipewe namba, lisajiliwe, liwekewe kibao kinachosomeka. Kubadili matumizi ya eneo kama hilo kusiishie kwenye meza ya ofisa mmoja. Kupite kwenye kikao cha wazi cha Baraza la Madiwani, wakazi wa mtaa wakiwepo na wakisikilizwa. Wenye ardhi ya asili walipwe fidia kamili kabla ya bikoni ya kwanza, wasije wakalipia mji kwa mashamba yao mara ya pili. Na pandeni miti kando ya njia za miguu sasa hivi, maana mti wa Dodoma hukua polepole na watoto wanatembea leo.

Anzeni na upande wa Mtumba na kingo za barabara ya mzunguko, ndiko kunakokwisha haraka. Mimi miguu bado inanibeba. Mkihitaji mzee wa kushika fito na kuwaonyesha vijana namna ya kutafuta bikoni ya zamani iliyofukiwa na mchanga, nitapanda treni kwa nauli yangu mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpima ardhi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam